Thumuni ya Mama

Baba alipima mkonge miaka thelathini na mmoja.
Mzani haukumdanganya, wala yeye hakuudanganya,
kisha akafia Bombo, wodi ya wanaume, alfajiri ya Jumanne,
bila kuacha hata mstari mmoja wa wasia.

Ukoo ukakaa jamvini, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Ami Mbelwa akashika kalamu kama kisu cha kuazima.
Muhtasari ukasema: msimamizi awe Tunu.

Nilidhani msimamizi ni mtu wa kusimamia.
Kumbe ni mtu wa kusimama:
dirishani, kungoja cheti cha kifo;
benki, ambako waliniambia mwenye akaunti aje mwenyewe;
Mahakama ya Mwanzo, nyuma ya kesi ya mbuzi.

Tangazo likabandikwa ubaoni:
mwenye pingamizi ajitokeze.
Mwenye pingamizi hakutokea. Alitokea Hoza,
kutoka Muheza, na masikio ya baba
na nusu gunia la machungwa.
"Sikuja kupinga," akasema. "Nimekuja kuhesabiwa."
Mama akayatazama yale masikio, kitambo.
Akaenda jikoni kuongeza sahani.

Ami akauliza kodi ya mirathi ni kiasi gani.
Karani akacheka: kufa hakulipiwi kodi, mzee,
kinacholipiwa ni kubaki.
Kodi ya ardhi, miaka saba, haijaguswa.
Ya jengo tunaimeza kila tununuapo umeme.

Vyumba sita.
Shehe akahesabu kwa pingili za vidole:
mama, thumuni; wana wa kiume, mafungu mawili mawili;
mimi, moja.
Kabla ya Hoza nilikuwa na chumba na robo tatu.
Sasa nina chumba, na mahali pa kuweka ndoo.

"Thumuni?" mama akauliza. "Ile senti hamsini?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.
"Enzi zetu ilitosha andazi na chai ya rangi."

Nikapiga hesabu gizani, umeme ulipokatika:
thumuni ya vyumba sita ni robo tatu ya chumba.
Kitanda kinaingia. Sanduku linaingia.
Mlango unabaki kwa warithi wengine.

Usiku uleule akashusha kopo la maziwa ya unga,
akatoa cheti cha ndoa, mwaka sabini na tisa,
kimekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu.
Mahari: shilingi elfu moja taslimu, na cherehani moja.
Mbele ya taslimu, alama ya vyema.
Mbele ya cherehani, weupe.

"Mama, mbona hukudai?"
"Ningemdai lini? Kila mwisho wa mwezi ana la kulipa.
Ada yako. Viatu vya Shafii."
Akanyamaza, akageukia sebuleni, alikolala mgeni.
"Na Muheza pia, sasa naona."

Sanda kwanza, kisha deni, ndipo warithi.
Fungu hungoja; deni lilikwisha kungoja miaka arobaini na kitu.
Kwenye fomu ya mali na madeni nikaandika:
cherehani moja, ya miguu. Mdai: mjane.
Hakimu akavua miwani,
akaivaa,
akagonga muhuri.

Ilinunuliwa kwa fundi mstaafu wa Barabara ya Nane,
kwa pesa za baiskeli ya baba na redio yake.
Hoza akaisukuma kwenye mkokoteni, Shafii akishika kichwa chake
kama mtu ampelekaye mgonjwa.

Nyumba hatujaiuza. Hatujaigawa pia.
Hati bado ina jina la marehemu,
na karani wa ardhi bado ananiambia njoo Alhamisi.
Ila asubuhi naisikia: tak-tak-tak-tak,
mama anapinda foronya ambazo hakuna aliyemwagiza.

Haikuenea kwenye robo tatu yake.
Mguu mmoja wa cherehani umevuka mpaka,
umesimama ndani ya fungu langu.

Pingamizi ninalo.
Sijaliandika.